Kadi za Usiku wa Mwisho: Uchambuzi wa Kisa cha Umisheni wa Kiangazi kwa Vijana

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika kambi ya vijana iliyoandaliwa na kanisa moja kwa kushirikiana na timu ya wajitoleaji waliotoka ng'ambo kuja kutumika kwa majira ya kiangazi. Majina ya watu, makanisa na nchi zote mbili yameachwa kwa makusudi, kwa kuwa wahusika wengi bado wanashirikiana na baadhi yao ni watoto. Hilo halipunguzi uzito wa kisa, maana mambo yenyewe yanaweza kutokea mahali popote ambapo wanafunzi wa chuo hutumwa kwa wiki chache kuwahubiria vijana wasiowafahamu, kisha hurudi makwao na ripoti mkononi.

Timu ilikuwa ya watu wasiozidi kumi, karibu wote wakiwa na umri wa miaka kati ya 19 na 23, chini ya kiongozi mmoja aliyekwisha kuongoza safari kama hiyo mara kadhaa. Kila mmoja alikuwa amejichangishia nauli na gharama za kujikimu kwa kuwaandikia barua jamaa, marafiki na washirika wa kanisa lake, akiahidi kuwapelekea habari za kazi atakaporejea. Kwa sehemu kubwa ya kiangazi waliendesha vipindi vya alasiri kwa vijana wa miaka 13 hadi 17: michezo, nyimbo, vikundi vidogo vya kujifunza Biblia, na mazoezi ya mazungumzo katika lugha ya kigeni, ambayo, tusifichane, ndiyo yaliyowavuta wazazi wengi. Kambi ya juma moja ilipangwa iwe kilele. Kanisa mwenyeji lilitoa mahali, wakalimani na mlezi wa vijana, mama ambaye amewafundisha wengi wa vijana hao tangu shule ya Jumapili na ambaye, timu ikishaondoka, ndiye anayebaki nao.

Usiku wa mwisho wa kambi kiongozi wa timu alihubiri juu ya mwana mpotevu, na wote waliokuwepo wanakubali kwamba alihubiri vizuri. Alipomaliza aliwaita mbele wanaotaka kumpokea Yesu kwa mara ya kwanza. Wakatoka vijana wachache, tena kwa kusitasita. Muziki ukaendelea. Akatoa mwaliko wa pili kwa wale waliorudi nyuma kiimani, na kundi likaongezeka. Kisha ukaja wa tatu, kwa yeyote mwenye mzigo wowote anayetaka kuombewa. Hapo viti vikabaki karibu vitupu, kwa kuwa ni kijana gani wa miaka 14 asiye na mzigo, na ni nani angependa kubaki ameketi peke yake wakati wenzake wote wa chumba kimoja wamesimama mbele wakilia na kukumbatiana? Waliokwenda mbele waligawiwa kadi zenye visanduku vinne vya kutia alama: nimempokea Yesu, nimejitoa upya, nahitaji maombi, nataka kujifunza zaidi. Chini yake palikuwa na mistari miwili mitupu ya kuandika chochote. Kadi zikakusanywa, zikahesabiwa, na kabla ya saa sita usiku picha ya umati ule ilikuwa imekwisha kutumwa kwa kanisa lililoituma timu na kuwekwa mtandaoni, ikiwa na maelezo kwamba vijana wote walioonekana pichani wameokoka usiku ule. Baada ya siku mbili timu iliondoka.

Mlezi alibaki na kadi. Alizisoma moja moja, daftari lake la mahudhurio likiwa pembeni. Zaidi ya nusu zilikuwa za watoto wa kanisa hilo hilo, waliobatizwa na wanaohudhuria kila wiki, na wengi wao walikuwa wametia alama kwenye kisanduku cha maombi. Kadhaa zilikuwa za vijana waliokwenda mbele kiangazi kilichotangulia, timu nyingine ilipokuja. Walihesabiwa wakati ule, na sasa wamehesabiwa tena. Wengine walikuwa wametia alama visanduku vyote vinne, kama mtu anayejaza fomu ili aruhusiwe kuondoka. Waliobaki, wachache, walikuwa wageni kabisa wa mambo ya kanisa. Hao, kwa maoni yangu, ndio waliostahili kutafutwa kesho yake asubuhi, lakini hapakuwa na njia ya kuwapata kwa sababu kadi haikuuliza wanaishi wapi wala nani aliwaleta.

Kadi moja haikuwa na alama yoyote. Katika mistari ya chini msichana alikuwa ameandika, kwa herufi ndogo zilizobanana, kwamba anaogopa kurudi nyumbani kambi itakapokwisha na kwamba hajamwambia mtu. Kadi hiyo ilikuwa imefungwa kwa mpira pamoja na nyingine, na namba iliyoandikwa kwa kalamu juu ya bunda inaonyesha kwamba nayo ilihesabiwa. Mlezi aliifikia siku ya tatu, msichana akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Siku hiyo hiyo alimjulisha mchungaji na mwenye dhamana ya ulinzi wa watoto, na suala likapelekwa kwenye mamlaka zinazohusika. Hapa halitaelezwa zaidi, ila kwamba msichana huyo yuko salama.

Wakati huo huo wazazi wa familia mbili zisizo za kanisa hilo walifika kulalamika. Walikuwa wametia saini fomu ya kuwaruhusu watoto wao kuhudhuria kambi ya michezo, lugha na mafundisho ya maadili, na sasa wameiona picha ya watoto hao mtandaoni, nyuso zikiwa wazi, chini ya maneno ya kwamba wameokolewa. Mmoja wao hakuwa na neno na Biblia kufundishwa. Kilichomkasirisha ni kwamba mtoto wake ametangazwa kwa watu asiowajua kuwa amebadilisha imani kabla yeye mzazi hajaambiwa.

Mlezi aliliandikia barua kanisa lililotuma timu. Haikuwa barua ya hasira. Aliomba picha iondolewe, idadi isahihishwe, na kiangazi kinachofuata mwaliko wa kumpokea Yesu uachwe mikononi mwa kanisa mwenyeji. Picha iliondolewa mara moja. Ombi la pili na la tatu ndiyo yaliyozua mabishano ya miezi kadhaa.

Kuhusu idadi, ni rahisi kusema kwamba kiongozi wa timu alidanganya, na wapo waliosema hivyo. Mimi sikubaliani nao. Aliwaona vijana mbele yake, aliyaona machozi, akaamini. Kosa lilianza mapema zaidi, katika fomu ya ripoti aliyopewa kabla ya safari, ambayo ilikuwa na nafasi moja tu ya matokeo, idadi ya maamuzi, bila mahali pa kuandika kwamba vijana waliokwisha kuamini wameombewa, au kwamba kijana fulani ameuliza swali gumu na bado analitafakari. Anayejaza fomu hujaza kinachoulizwa. Nyuma ya fomu wako wafadhili, ambao ni watu wema waliotoa fedha zao na wana haki ya kujua zimefanya nini; na mjitoleaji wa miaka 20 aliyeomba nauli kwa barua hujisikia ana deni kwao, deni ambalo hakuna kitu kinacholilipa upesi kama namba. Kwa hiyo shinikizo lililoonekana katika mwaliko wa tatu lilisafiri na timu kutoka nyumbani, na lingekuwepo hata kama mhubiri angekuwa mtu mwingine.

Hoja hii ina historia. Mhubiri wa uamsho Charles Finney, katika mikutano yake ya Rochester nchini Marekani mwaka 1830 na 1831, aliwaita waliosumbuka rohoni waje kuketi kwenye viti vya mbele, na tangu wakati huo hawajakosekana Wakristo wa kuuliza kama kuinuka kitini ni ushahidi wa kutosha wa lililotokea moyoni. Billy Graham, aliyewaita watu mbele wengi kuliko karibu mhubiri mwingine yeyote wa karne ya 20, alilijua swali hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alimwomba Dawson Trotman, mwanzilishi wa Navigators, shirika la Kikristo la kuwalea waamini wapya, amwandalie utaratibu wa ufuatiliaji. Washauri walifundishwa mapema kutoka makanisa ya mahali pa mkutano, kila aliyekuja mbele alizungumza na mshauri, na kadi yake ilipelekwa kwenye kanisa ambalo lingeweza kumlea. Watu hao walihesabiwa kama wenye kuuliza habari za imani, wala haikudaiwa kwamba wote wameongoka. Katika kambi yetu kadi zilitumika na mwaliko ulitumika, lakini washauri walikuwa wajitoleaji ambao wangepanda ndege keshokutwa, na kanisa la mahali lilikabidhiwa kadi baada ya hesabu kuwa imekwisha kutangazwa. Umbo la nje liliigwa, utaratibu uliolipa maana ukaachwa.

Viongozi wa kiinjili kutoka nchi zipatazo 150 walipokutana Lausanne, Uswisi, mwezi Julai 1974, walitoa Agano la Lausanne, ambalo uandishi wake uliongozwa na John Stott. Katika kifungu cha 12 walikiri kwamba mara nyingine, kwa kutaka mwitikio wa Injili, wamewasukuma wasikilizaji kwa mbinu za shinikizo, wakajishughulisha kupita kiasi na takwimu, na hata kuzitumia bila uaminifu. Kanisa lililotuma timu yetu linalitaja agano hilo katika katiba yake. Sina hakika kwamba kamati yake ya umisheni ilikuwa imekisoma kifungu hicho siku za karibuni.

Upande wa kanisa lililotuma timu ulijibu kwamba Kitabu cha Matendo chenyewe kinataja watu wapata elfu tatu siku ya Pentekoste, kwa hiyo kuhesabu si dhambi. Ni kweli si dhambi. Lakini mahali hapo wanaotajwa ni watu waliobatizwa, na mstari unaofuata unaeleza walidumu katika nini na pamoja na nani. Ni hesabu ya watu waliokwisha kuingia katika ushirika unaowajua. Hesabu ya kadi zilizofungwa kwa mpira, kabla yeyote hajazisoma, ni kitu kingine.

Suala la watoto naliona zito kuliko la idadi, na limejadiliwa kidogo mno na pande zote mbili. Wajitoleaji walifundishwa nyimbo, michezo ya kuigiza na namna ya kutoa ushuhuda kwa dakika tatu. Walifundishwa pia kwamba mtu mzima asikae peke yake na mtoto faraghani, kanuni ambayo waliishika. Hakuna aliyewaambia kwamba karatasi yoyote ambayo mtoto amealikwa kuandikia mambo ya moyoni lazima isomwe usiku ule ule na mtu mwenye wajibu. Ukimpa mtoto kalamu na mistari mitupu usiku, baada ya mahubiri marefu juu ya baba na nyumba ya baba, usishangae akiandika habari za nyumba yake. Mjitoleaji aliyeongoza kikundi cha msichana yule alikuja kueleza baadaye kwamba msichana alikuwa amemwuliza mara mbili kama angeweza kumwambia siri, naye, kwa kuogopa kuelewa vibaya bila mkalimani, akamjibu kwamba wataongea kesho. Kesho ilikuwa siku ya kufunga mizigo.

Na mlezi, aliyeijua lugha na aliyemjua msichana, alikuwa wapi? Alikuwa jikoni. Ratiba ya kambi ilikuwa imeandikwa na timu kabla haijafika, kila kipindi kikiwa na jina la mjitoleaji, na kazi iliyobaki kwa watu wa kanisa mwenyeji ilikuwa tafsiri na chakula. Mtu mmoja aliyeweza kutofautisha kilio cha toba na kilio cha hofu aliwekwa kusimamia vyombo. Nimeisoma ratiba hiyo, na naamini haikuandikwa kwa dharau. Iliandikwa na watu waliokuwa na shauku ya kutumika, wakaona kwamba kuacha kipindi bila mtu wao ni kuwaongezea wenyeji kazi.

Kuhusu malalamiko ya wazazi, hakuna haja ya maneno mengi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 14, unatambua uhuru wa mtoto wa mawazo, dhamiri na dini, na pia haki na wajibu wa wazazi kumwelekeza kadiri uwezo wake unavyokua. Fomu ya ruhusa iliyoficha kwamba kambi ni ya kiinjili ilivunja imani ya wazazi, na iliwaweka vijana wenyewe katika hali ya kulazimika kueleza nyumbani jambo ambalo wazazi walikuwa wamekwisha kulisoma kwenye simu. Kuna Wakristo wanaohofu kwamba wakisema wazi watapata watoto wachache, na huenda ni kweli. Basi wawe wachache.

Swali la nani mwenye kazi lilizungumzwa na wengine kabla yetu kwa ukali zaidi. Aprili 1968, huko Cuernavaca, Meksiko, padri Ivan Illich aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijitolea vijijini nyakati za kiangazi kwamba waje kutazama, kupanda milima, kufurahia maua na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Mwaka 1971 John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alipendekeza wamisionari wa kigeni waondolewe kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa ya Afrika yajitegemee, na mwaka 1974 mkutano wa Baraza la Makanisa ya Afrika Yote huko Lusaka uliunga mkono wito wa kusitisha utumaji huo wa wamisionari. Madai ya mlezi wetu hayakufika mbali kiasi hicho. Hakuomba timu isije tena, na sababu yake inaonekana katika daftari lake la mahudhurio. Vikundi vidogo vya alasiri, ambavyo hakuna aliyevipiga picha, ndivyo vilivyowarudisha vijana waliokuwa wameacha kuhudhuria, kwa kuwa mule ndani kijana mgeni alikaa nao wiki baada ya wiki, akakosea lugha yao, akachekwa, akarudi siku iliyofuata. Kwa hiyo siwezi kumfuata Illich mpaka mwisho, ingawa naona kwamba angeitabiri ratiba ile ya jikoni bila taabu.

Wala sikubali utetezi unaotolewa mara nyingi, kwamba hata wenyeji wasipofaidika sana, angalau wanaosafiri hurudi wamebadilika maisha yao yote. Kurt Ver Beek, mtafiti aliyeishi Honduras kwa miaka mingi, alifuatilia makundi ya Amerika Kaskazini yaliyokwenda huko kujenga nyumba baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Familia zilizojengewa na makundi hayo hazikuonyesha tofauti kubwa na zile zilizojengewa na mashirika ya Honduras, na mabadiliko ya kudumu katika maisha ya wajitoleaji, ikiwemo utoaji wao, yalikuwa madogo kuliko walivyodhani wenyewe. Shauku ya uwanja wa ndege huisha muhula wa chuo unapoanza. Katika kisa chetu wajitoleaji waliacha namba zao za simu kwa vijana, ujumbe ukamiminika kila usiku, ukajibiwa kwa wiki kadhaa, halafu ukapungua, na mlezi hakujua chochote mpaka vijana walipomwuliza wamewakosea nini marafiki zao.

Anayetafuta kielelezo cha umisheni wa muda mfupi angefanya vema kuitazama Thesalonike. Matendo 17 inataja sabato tatu za kuhojiana na watu katika sinagogi, kisha vurugu zikazuka na Paulo akaondolewa usiku. Hata kama alikaa kidogo zaidi ya hapo, ilikuwa ziara fupi iliyokatika vibaya. Tunachojua juu ya alichofanya baadaye kimo katika waraka wake wa kwanza kwao, sura ya 3: aliposhindwa kuvumilia, alimtuma Timotheo akajue imani yao, akihofu kwamba huenda kazi imekuwa bure. Hakudhani kwamba walioitikia wamesimama. Alituma mtu akaangalie, akangoja jibu, ndipo akaandika kwa furaha. Ripoti yake ilikuja baada ya Timotheo kurudi.

Hoja ya Thesalonike, iliyotolewa na mchungaji wa kanisa mwenyeji kikaoni, ndiyo iliyofungua njia ya makubaliano. Mwaliko wa kambi utatolewa na mtu wa kanisa mwenyeji, tena katikati ya juma, ili zibaki siku za kuzungumza na kila kijana kwa lugha yake. Kadi mpya inauliza nani amemleta kijana na angependa kuzungumza na nani. Inasomwa usiku ule ule na mlezi pamoja na mtu mzima mwingine, na haihesabiwi kabla ya kusomwa. Ratiba inaandikwa kwa pamoja, mlezi akiwa na vipindi vyake, na jikoni wanapokezana. Mawasiliano ya simu na vijana yanapitia kundi ambalo mlezi yumo. Fomu ya wazazi inasema wazi kwamba kambi ni ya Kikristo na kwamba vijana wataalikwa kumwamini Yesu, na picha haitolewi bila ruhusa ya maandishi.

Fomu ya ripoti ndiyo iliyokuwa ngumu kubadilika. Kamati ya umisheni ilisema inahitaji takwimu zinazoweza kulinganishwa mwaka kwa mwaka, na mwishowe ikakubali kwamba takwimu hizo zitatumwa na kanisa mwenyeji miezi mitatu baada ya kambi. Ripoti ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa na vijana sita walioanza darasa la ubatizo, pamoja na kurasa mbili za mlezi juu ya wengine ambao bado anawatembelea. Kamati iliipokea. Baadhi ya wafadhili waliuliza kwa nini idadi imeshuka kiasi hicho, na kazi ya kuwajibu alipewa kiongozi wa timu.